Mwalimu wa Njia ya Panya

Amoit mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa kikombe kimoja cha chai, ukaacha nusu ya kiazi kwenye sahani, ukasema umeshiba, na sisi sote tukajua huo ni uwongo wa mtu anayesafiri kesho. Sasa ni saa tisa alasiri na umekwenda Amagoro kumuaga bibi yako. Mama yako anapiga pasi nguo zako, zile zile alizozipiga jana. Mvua imeanza kugonga mabati, na mimi nimejifungia chumbani na kalamu kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Mambo ya kula, kusali, kufunga mlango na kutokubali soda ya mtu usiyemjua, mama yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena pale stendi mbele ya watu. Hayo ni yake na ananishinda. Mimi nina jambo moja tu, na kwa miaka kumi na sita nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Jumapili uliniwekea fomu mezani. Ukasema, "Papa, nisainie tu hapo chini, si lazima usome." Unamwambia hivyo mtu ambaye tangu ujana wake anakula kwa kusoma karatasi za malori hapa mpakani! Nimeisoma mara nne. Ni fomu ya yule mwalimu wa ukumbi mkubwa kule Eldoret unakokwenda kusoma, aliyekuona kwenye mashindano ya vyuo na shule akakwambia una miguu ya timu ya taifa ya karate. Inasema ukijiunga naye hutafundishwa na mwalimu mwingine yeyote. Inasema mkanda wako wa kahawia, uliopewa na mwalimu wako wa michezo hapa, hautambuliwi, kwa hiyo utapimwa upya na kulipia kila daraja. Inataja picha za walimu kuanzia Japani hadi kwake, mmoja baada ya mwingine, na kwamba mwanafunzi ataiheshimu nasaba hiyo. Mwisho kabisa kuna mstari wa sahihi ya mzazi.

Halafu yuko yule mwalimu wa pili uliyenihadithia, mama anayefundisha nyuma ya gereji huko huko. Alikuwa katika chama cha huyo wa ukumbi mkubwa, akagombana nao, wakamtoa. Hana kadi ya chama, hawezi kukuandikisha kwa mashindano ya taifa. Ulinihadithia habari zake mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa unacheka. Wa ukumbi mkubwa unamtaja ukiwa umekaza uso. Mimi huyaona hayo, hata kama nasoma gazeti.

Unataka kuvaa bendera ya Kenya kifuani. Najua. Umelitaka hilo tangu kidato cha kwanza, na mwalimu utakayemchagua wiki hii ndiye ataamua kama utalipata au hutalipata, na utalipata kwa bei gani. Kwa hiyo sikuandikii kukwambia karatasi ni upuuzi. Karatasi ndiyo imekusomesha. Nataka tu ujue mimi nilichagua vipi, na nani aliyelipa.

Unajua niliwahi kucheza karate. Unajua niliacha. Nyumbani humu husemwa, "Papa aliacha baada ya ajali ya Omuse," kisha mtu anauliza chumvi iko wapi. Hebu leo tusiulize chumvi.

Kabla hujazaliwa tulikuwa tunakaa Busia, mtaa wa Burumba, chumba kimoja na pazia katikati. Nilikuwa karani wa wakala wa forodha. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na stoo ya mahindi iliyokuwa mali ya kanisa, na jioni ikiwa tupu mtu mmoja aliyeitwa Wandera alifundisha karate humo. Alikuwa mtu wa Budalang'i, mfupi, mwenye kitambi kidogo, mchana akitengeneza baiskeli. Ukimwona barabarani ungempa tairi akuzibie, usingempa mtoto wako amfundishe kupigana.

Nilikwenda kwake kwa sababu mahali pengine hapakuwepo. Ada yake ilikuwa unacholeta. Mwenye samaki alileta samaki, mwenye makaa alileta makaa, na mwenye mikono mitupu alifagia. Omuse, kaka yako, alikuwa na miaka sita nilipoanza kwenda naye, na kazi yake ilikuwa kuokota punje za mahindi sakafuni ili watu wasiteleze. Alizihesabu kwa sauti, akafika mia, akaanza tena. Wandera alimngoja amalize ndipo aanze darasa. Watu wazima kumi na wawili tumesimama, tunamngoja mtoto amalize kuhesabu mahindi. Nilikuwa naona aibu. Leo nikikumbuka napata uchungu ambao siwezi kuueleza vizuri.

Alitufundisha kusimama. Miaka miwili, Amoit, kusimama na kutembea. Ukilalamika, anasema, "Wewe boss una haraka ya kumpiga nani? Adui yako amepanda gari?" Hakuwahi kumpiga mwanafunzi. Akikuona umechoka vibaya, alikwambia ukae, na ukikataa kukaa, alikufukuza darasani siku hiyo. Wengine walimwona mlegevu. Mimi pia, siku nyingine.

Nilikaa kwake miaka mitano. Mkanda wangu wa kahawia alinifunga yeye mwenyewe, mkanda uliokuwa mweupe zamani, mkewe akautia rangi kwenye sufuria.

Halafu akaja yule mwingine. Jina lake silitaji, kwa sababu bado ana watoto na wajukuu huko aliko. Alijiita shihan, yaani mwalimu wa walimu, na alikuja kutoka Nairobi na gari lake, akakodi ukumbi wenye vioo ukutani. Siku ya kwanza alitundika vyeti sita ndani ya fremu. Juu yake akatundika picha za wazee wa Kijapani, kisha Mwafrika mmoja, kisha mwingine, kisha yeye mwenyewe. Alituonyesha kwa fimbo: huyu alimfundisha huyu, huyu akamfundisha huyu, mpaka hapa. Akasema, "Mkanda bila ukoo ni kitambaa cha kushikilia suruali."

Sasa mfikirie baba yako. Mchana kutwa kazi yangu ni kuuliza mzigo umetoka wapi, nani kaupakia, muhuri uko wapi. Mzigo mzuri usio na hati ni magendo, na mzigo mbovu wenye hati zote unapita, nami naupigia saluti. Ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo nilivyokula. Nilipoziona zile fremu, nilihisi kama nimeona lori lenye karatasi zote. Sikuuliza ndani kuna nini.

Jioni iliyofuata nilimuuliza Wandera mbele ya watu. Ningeweza kumuuliza tukiwa wawili, lakini nilitaka wanione najua kuuliza. Nikamwambia, "Sensei, cheti chako cha mkanda mweusi kiko wapi? Nani alikipiga muhuri?"

Akaniangalia usoni. Akasema alifundishwa Tororo, ng'ambo, na mtu mmoja fundi wa reli, na huyo fundi alifundishwa Kampala, na karatasi zake zilipotea wakati wa vita vya huko. Nikamuuliza kama kuna yeyote wa kuthibitisha. Akasema, "Mwalimu wangu amezikwa Tororo. Nikupeleke kaburini umuulize?"

Watu wakacheka. Walinicheka mimi. Hilo ndilo kosa lake alilonikosea, mwanangu, na sikulisamehe.

Nikaondoka na wanafunzi saba. Kwa shihan tulivuliwa mikanda tukaanzishwa upya, na kila mlango ulikuwa na ada yake: ada ya kujiunga, ya beji, ya chama cha Nairobi, ya mtihani, ya chakula cha mtahini, ya karatasi ya kusema umefaulu, na ya fremu ukitaka fremu. Mtihani wangu wa mkanda mweusi ulipofika niliuza cherehani ya mama yako. Alikuwa na mimba yako. Nilimwambia nitanunua nyingine nzuri zaidi nikianza kufundisha. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakitia kwenye kikapu, akasema sawa. Unaijua ile sawa ya mama yako.

Lakini cherehani ni kitu cha dukani. Nililofanya baada ya hapo halinunuliki.

Chama kilikuwa kinapigania eneo. Kulikuwa na vikundi viwili Nairobi, kila kimoja kinadai ndicho mrithi halali wa yule mzee wa Kijapani wa picha ya kwanza, na kila kimoja kinahesabu matawi. Shihan akataka Busia yote iwe yake, na stoo ya Wandera ilikuwa inamkera kama kijiwe kwenye kiatu. Akaniita. "Wewe una mwandiko mzuri na unajua lugha ya ofisi," akaniambia. "Andikia kanisa. Waambie ukweli tu."

Niliandika, na jinsi nilivyoandika vizuri! Nilisema mtu huyu anafundisha watoto mapigano bila idhini ya chombo chochote, kwamba anawainamisha mbele ya mambo yasiyojulikana, jambo ambalo nilijua litawatisha wazee wa kanisa, na wakati huo sisi ndio tulikuwa tunainamia zile picha kila jioni. Na nikamalizia na sentensi niliyoipenda sana. Niliandika kwamba mkanda wa Bwana Wandera uliingia nchini kwa njia ya panya.

Hapa mpakani hakuna asiyejua maana ya hilo. Njia ya panya ni ya sukari ya kuvuka usiku, ya mayai ya Uganda kwenye baiskeli, ya watu wasiotaka kuulizwa. Sentensi ile ilitoka kanisani ikaingia sokoni. Ndani ya wiki moja watoto wa Burumba walikuwa wanamwita Mwalimu Panya. Anapita na pampu yake ya baiskeli, wanapiga mluzi wa panya. Nilisikia kwa masikio yangu nikiwa nanunua mkate, na nilitabasamu.

Kanisa likafunga stoo. Wandera hakuja kunigombeza. Tulikutana barabarani siku mbili baadaye na akanisalimia, "Habari ya jioni, Emase. Mtoto hajambo?" Nami nikajibu nikitazama saa. Alinisalimia hivyo hivyo kwa miaka mpaka alipohama mji. Nilidhani ni woga.

Hadi leo sijui kama ukoo wake ulikuwa wa kweli. Sijawahi kwenda Tororo kuuliza, na ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Nakwambia hivyo ili usidhani hii ni hadithi ya mwalimu maskini kuwa ndiye mkweli na mwenye gari kuwa ndiye mwongo. Umaskini si cheti. Nimewajua walimu maskini waliokuwa matapeli, na huyo mama wa gereji simjui. Wandera angeweza kuwa alijifunza kwenye sinema. Ninachojua ni kwamba kwake hakuna mtoto aliyeumia.

Sasa Omuse.

Alikuwa na miaka kumi na minne, na wewe mitatu. Alikuwa mwembamba, mwepesi, anapenda karate kuliko chakula. Chama kikaitisha mashindano Kisumu, na tawi lisilojaza kila uzito lingepoteza kura yake kwenye mkutano wa kuamua nani mrithi halali. Kwetu palikosekana kijana wa uzito mmoja wa juu. Shihan akamweka Omuse. Nilimwambia, "Shihan, huyu hajafika hizo kilo." Akasema, "Mnyweshe maji kabla ya mizani." Akanipa fomu ya idhini ya mzazi. Nikaisoma, mimi msomaji wa karatasi, nikaona kila kitu kiko sawa, nikaweka sahihi.

Alipambanishwa na kijana wa miaka kumi na saba, mwenye ndevu. Mimi ndiye nilikuwa kwenye kona yake, nikiwa na chupa ya maji na taulo begani. Taulo ukilitupa ndani, pambano linakwisha. Hiyo ndiyo kazi pekee ya mtu wa kona, Amoit, mengine yote ni mapambo.

Teke la kwanza lilimpata sikio la kushoto. Hakuanguka. Alisimama, miguu ikiwa mizuri, ile aliyofundishwa na Wandera, lakini kichwa kilikuwa kinatafuta kitu. Akageuka, akanitazama. Uso wake ulikuwa ule wa alipokuwa mdogo akitaka nimshushe kutoka kwenye baiskeli.

Nami nikamtazama shihan. Alikuwa amekaa meza kuu na wakubwa wa Nairobi. Akatikisa kichwa kidogo, hapana.

Nikainama, nikaanza kufungua chupa ya maji. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa. Nilizungusha kifuniko huku na huku nikitazama sakafu, na nikasikia teke la pili, na kelele za watu, na sauti ya mtoto wangu kuanguka.

Sikio lile halikusikia tena. Hospitali walisema ameletwa amechelewa, kwa sababu kwanza tulingoja kura zipigwe. Alipoamka siku ya tatu alikuwa na bendeji kichwani. Aliniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Akasema, "Papa, usijilaumu. Nilikuangalia lakini ulikuwa umeinama, unafungua maji. Hukuniona."

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Sikukuona."

Hilo ndilo jambo. Kuna kosa la Kisumu na kuna kosa la hospitalini, na la pili nimelirudia kila siku kwa kunyamaza. Kaka yako amenisamehe kosa ambalo silo nililofanya.

Miezi michache baadaye kile kikundi cha Nairobi kilimtoa shihan wetu. Waligombana juu ya pesa za mikanda, akatolewa, na barua ikaja kusema vyeti vyote alivyotoa si halali. Vyangu pia. Nilikwenda kuwauliza kuhusu matibabu ya mtoto, wakaniambia mashindano yale hayatambuliwi na chama. Nikauliza, sasa mtoto wangu aliumia wapi? Karani mmoja wao, kijana mwenye mwandiko mzuri, akasema, "Mzee, kwa rekodi zetu hiyo kitu haikufanyika." Nilimtambua kijana yule. Nilikuwa mimi mwenyewe.

Mama yako alitoa fremu yangu ukutani. Kioo alikihifadhi, tulipohamia hapa Malaba akakitia kwenye dirisha la jikoni, kipo mpaka leo, na cheti alikiwashia moto wa kupikia ugali. Tulikula ule ugali. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na ningeshukuru sana kama angenilaumu.

Ndiyo sababu ulipoanza kurusha mateke sekondari, na mwalimu wako wa michezo akaja hapa kutuomba ruhusa, mimi nilitoka nikaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Mama yako ndiye alikubali. Nilikuwa nikija kukutazama ukifanya mazoezi, nasimama nje ya ua wa shule nyuma ya wauza ndizi. Hukuwahi kuniona. Una miguu ya kaka yako.

Mwezi uliopita, uliponiambia habari za walimu wawili wa Eldoret, nilikwenda Rukala, kule Budalang'i. Nilikwambia naenda kwenye mazishi. Nilikwenda kumtafuta Wandera, maana nilisikia amerudi kwao. Nilimkuta kwenye nyumba ya binti yake. Alama ya maji ya mafuriko iko ukutani, juu ya goti. Amezeeka, kitambi kimekwisha. Alinitambua kabla sijafika mlangoni.

"Emase," akasema. "Kijana anasikia?"

Nikamwambia sikio moja. Akatikisa kichwa. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, barua ya kanisa na njia ya panya na chupa ya maji. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyasikia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Hiyo maneno ya panya nilijua ni yako. Hakuna mwingine Burumba angeandika sentensi kama hiyo." Hakucheka.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nilikusamehe kitambo, maana kubeba mtu ni kazi. Lakini usinizoee. Ukimaliza chai yako, nenda, na usirudi."

Nikamwambia sikuja kwa ajili yangu tu. Nina msichana, anaenda Eldoret, ana walimu wawili na hajui achague yupi. Nikamuuliza nikwambie nini. Akaniangalia kama siku ile stooni.

"Wewe nilikufundisha miaka mitano na hukujua kuchagua. Sasa huyo msichana nitamfundisha na kikombe kimoja ya chai?"

Nikanywa chai. Nilipoinuka ndipo akasema, akiwa anaangalia nje kwenye mpunga, "Mwambie asiulize wale wako ndani. Wale watamsifu tu. Atafute wale waliacha. Aulize kama mwalimu bado anawasalimia."

Nilitembea mpaka barabarani, nikamwonyesha mtu wa pikipiki kwa mkono tu ninakokwenda. Nilikuwa nakumbuka "Habari ya jioni, Emase" ya miaka yote ile, na saa yangu niliyokuwa naitazama.

Basi hayo ndiyo niliyopewa nikuletee, na sina la kuongeza lenye uzito kama hilo. Ukifika usikimbilie kulipa. Kaa kwenye benchi siku kadhaa, viatu miguuni, ukitazama tu, kwa huyu na kwa yule. Mtazame mwanafunzi aliye dhaifu kuliko wote, uone anatendewaje ikifika saa ya mwisho. Watafute walioacha. Wakikwambia wa ukumbi mkubwa bado anawaulizia watoto wao, mwanangu, nenda kwake, pimwa upya, lipa, nami nitatuma, na uvae bendera yako bila kumwonea mtu haya. Na kama ni huyo mama wa gereji, nenda ukijua huenda bendera usiivae kamwe. Hilo litauma na sitakudanganya kwamba haliumi. Na wakikwambia wote wawili hawasalimii, basi kimbia barabarani asubuhi peke yako na ufanye masomo yako ya uuguzi.

Fomu nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Pale pa sahihi ya mzazi nimepaacha wazi. Una miaka kumi na tisa, sheria haidai sahihi yangu, na mkono huu ulishawahi kusaini mtoto. Ukiamua kujiunga, weka jina lako mwenyewe. Na siku yoyote mwili wako ukikwambia basi, toka ulingoni. Usigeuke kutafuta uso wa mtu kwenye kona.

Nilidhani barua inaishia hapo. Lakini nilipoisoma tena niliona kuna ubaya mwingine ninaotaka kuufanya, wa kukwambia wewe mambo ya Omuse kabla ya Omuse. Amerudi saa kumi kutoka kwenye kuchomelea matrela, amelowa, nikamwita humu chumbani nikampa karatasi hizi. Nilikaa kitandani akisoma amesimama dirishani. Unajua anavyosoma, polepole, midomo ikitembea. Nilijua amefika Kisumu kwa sababu midomo ilisimama.

Amemaliza mpaka mwisho. Amezipanga karatasi vizuri, kingo kwa kingo. Kisha akasema, "Kwa hivyo uliniona."

Nikamwambia, "Nilikuona."

Amezirudisha mezani, akachukua koti lake ambalo bado lina maji, akatoka. Nimesikia lango. Mama yako ameuliza anakwenda wapi na mvua hii.

Sijui atarudi saa ngapi. Alikuwa ndiye akubebee sanduku mpaka stendi kesho alfajiri, na amekuwa akilisema hilo wiki nzima. Asipokuja, nitalibeba mimi, na wewe usimlaumu wala usimpigie simu kuuliza sababu. Nitakupa bahasha hii gari likishawashwa, na sababu utakuwa nayo mkononi.

Ni mimi, papa yako,
Emase